Kundi la skauti mtaani: tuwaachie vijana kamba mkononi (uzi mrefu kidogo)

#1 KambaNaDira (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya wiki mbili tatu napata ujumbe inboksi unaouliza jambo lile lile: "Tunataka kuanzisha kundi la skauti hapa mtaani kwetu, tuanzie wapi?" Nimeona badala ya kumjibu mmoja mmoja nimwage yote hapa, na wenye uzoefu wajazie. Nina miaka 11 kwenye kazi hii ya kujitolea. Sare, usajili na michango nitavigusa huko mbele. Kwanza naomba niwasimulie usiku mmoja, kwa sababu bila huo usiku ushauri wangu wote ungekuwa tofauti.

Ulikuwa mwaka wetu wa tatu. Tulipiga kambi tukiwa na vijana 24 na mahema manne. Mimi napenda kamba iliyokazwa ikakazika, kwa hiyo mahema yote tuliyasimamisha mimi na msaidizi wangu, vijana wakitushikia vigingi. Wazazi waliofika jioni walisifia sana. Kama saa nane usiku upepo ukaja, na mvua nyuma yake. Natoka na tochi, nakuta hema la tatu limelala upande. Ndani wamo watoto sita wamesimama, mikono juu, wamelibeba turubai kwa viganja na vichwa, maji yanawachuruzika hadi viwikoni. Kigingi kimoja kiling'oka, basi. Kamba yake ilikuwa pale pale chini, nzima, hatua mbili kutoka mlangoni.

Nikauliza kwa ukali, "Mbona hamkuirudishia?"

Binti mmoja wa miaka 12 akanijibu taratibu kabisa: "Mwalimu, sisi hatujawahi kufunga."

Hakunijibu kwa jeuri. Alikuwa nasi tangu siku ya kwanza ya kundi. Ahadi ya skauti aliijua kwa moyo, saluti ya vidole vitatu anaipiga sawasawa, anasalimia kwa mkono wa kushoto kama skauti wote duniani. Ila kwa miaka mitatu sikuwahi kumwachia kamba mkononi.

Nililala vibaya usiku ule, na tangu hapo nimebadilisha karibu kila kitu. Nisemalo kwenye uzi huu ni hili: kundi la skauti linaendeshwa na vijana wenyewe, kupitia doria zao, yaani vikundi vidogo ndani ya kundi, kila kimoja na kiongozi wake kijana. Mtu mzima yupo kwa ajili ya usalama, kuwafunza viongozi wao, na kusimama nyuma yao. Ukigeuza mpangilio huo utapata kundi linalopendeza kwenye picha na lisilojua kufunga hema.

Wala si jambo nililobuni. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio kwenye kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, Agosti 1907, alichukua vijana wapatao 20, baadhi kutoka shule za matajiri na wengine watoto wa wafanyakazi wa kawaida. Hakuwapanga mstari mmoja mbele yake. Aliwagawa doria nne (Mbwa Mwitu, Fahali, Kunguru, na ya nne ilibeba jina la ndege wa pwani), na kila doria ikapewa kiongozi kijana aliyewajibika kwa wenzake usiku na mchana. Miaka michache kabla, mji wa Mafeking, Afrika Kusini, ulipozingirwa kwa siku 217, kati ya 1899 na 1900, alikuwa ameona wavulana wadogo wakipeleka barua na ujumbe, na kazi ikafanyika.

Kuna jambo ambalo huwa silichoki kulisimulia. Kitabu chake cha skauti kilipoanza kutoka sehemu kwa sehemu mwaka 1908, vijana walikisoma na kuanza kujikusanya doria wao kwa wao, kabla chama hakijakaa sawa. Septemba 1909 kwenye mkutano mkubwa wa skauti pale Crystal Palace, London, wakatokea wasichana pia, ambao hawakualikwa, wakitaka nao wahesabiwe. Mwaka uliofuata vikaanzishwa vikundi vya Girl Guides, yaani skauti wa kike. Kwa hiyo wanaosema vijana hawawezi kuanzisha jambo bila kusukumwa, wajue harakati hii yenyewe ilianza kwa vijana kuwatangulia wakubwa.

Nitaendelea. Ulizeni.

---

#2 MamaWawili

Ahsante kaka kwa uzi. Mimi ni mzazi, wanangu wawili wanataka kujiunga na kundi la karibu na kwetu. Haya ya kuwaachia vijana nayaelewa, lakini moyo wangu hautulii. Mtoto wangu analala porini na watu nisiowajua. Nimuulize nini kiongozi kabla sijasaini?

---

#3 KambaNaDira

Dada, umeuliza swali ambalo kila mzazi alitakiwa kuuliza, na kiongozi mzuri halichukii. Nitakueleza tunavyofanya sisi, nawe ukapime huko kwenu.

Watu wazima ni wawili au zaidi, kila mara. Hakuna mtu mzima kubaki na mtoto mmoja mahali wasipoonekana: si hemani, si garini, wala si kwenye meseji za simu usiku. Mtoto akitaka kuzungumza na mimi faragha tunakaa pembeni, mahali ambapo wenzetu wanatuona japo hawatusikii. Watu wazima hawalali hema moja na watoto. Na watoto tumewaambia wazi, wakubwa kwa wadogo, kwamba kwenye skauti hakuna siri kati ya mtu mzima na mtoto. Mtu yeyote akimwambia "usimwambie mama", hilo ndilo la kwanza kumwambia mama.

Anayekuja kujitolea hatumkabidhi watoto wiki ya kwanza. Tunazungumza na watu wawili waliowahi kufanya naye kazi, na miezi ya mwanzo anakuwa msaidizi wa macho tu. Kuna waliokasirika kwa kuulizwa. Tuliwashukuru na hatukuwachukua.

Kabla ya kambi uletewe fomu ya ridhaa. Iulize mzio, dawa anazotumia, kama anajua kuogelea, na namba za simu za watu wawili, maana mmoja anaweza asipatikane. Muulize kiongozi: hospitali ya karibu ni ipi, na mtafikaje usiku? Akianza kujiumauma, usisaini.

Kuna mambo manne ambayo kwetu vijana hawaamui: maji, moto, barabara na radi. Hapo neno la mtu mzima ndilo la mwisho. Ngurumo ikisikika, shughuli ya nje inasimama, tunaingia kwenye jengo imara au garini, na tunasubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Hema halikingi radi, na chini ya mti ndiko kubaya zaidi. Mengine yote, ikiwemo mvua ya kawaida, doria zinapanga zenyewe.

---

#4 MamaWawili

Hiyo ya "usimwambie mama" nimeichukua na nimeshawaambia wanangu jioni hii hii. Ubarikiwe.

---

#5 SkautiWaZamani

Mkuu KambaNaDira, nakupinga kidogo kwa nia njema. Sisi enzi zetu tulipiga gwaride mpaka jua linazama, mkufunzi anakohoa tu kila mtu ananyooka. Na tumekuwa watu. Leo ukimwachia mtoto wa miaka 13 awaongoze wenzake utapata fujo, na mwisho wazazi watawatoa. Vijana wanahitaji amri kwanza, uhuru baadaye.

---

#6 KambaNaDira

Kaka, shikamoo kwanza, umenitangulia kwenye skafu na naheshimu ulichopitia. Gwaride nami nalipenda. Linafundisha kusikiliza na kwenda pamoja, na siku ya sherehe tunapita vizuri kabisa. Shida yangu ni kundi ambalo gwaride ndilo ratiba nzima. Kijana anajifunza kusubiri amri, na wale sita hemani walikuwa wanasubiri amri yangu saa nane za usiku.

Kuhusu fujo umesema kweli, sitakuficha. Miezi mitatu ya mwanzo baada ya kubadilisha ilikuwa migumu. Doria moja ilimaliza mkutano mzima ikibishania jina. Nyingine ilisahau kamba nyumbani mara mbili mfululizo. Wazazi wawili waliniita wakaniuliza kama nimechoka kazi.

Kubwa kuliko yote, kulikuwa na kiongozi wa doria wa miaka 14, kijana hodari, mwenye sauti. Kila kazi chafu akawa anampa mdogo kuliko wote: kufukia choo, kuosha sufuria, kubeba maji. Mimi niliona wiki ya kwanza. Ulimi uliniwasha, nikaushika. Tuna baraza la viongozi wa doria, linakaa mara moja kwa mwezi, mimi nakaa pembeni na sina kura. Kwenye baraza kiongozi wa doria nyingine akauliza tu, kwa upole, "Kwenu zamu mnapangaje?" Yule kijana akaanza kueleza, akafika katikati, akanyamaza. Akatazama chini kwa muda, machozi yakamtoka. Hakuna aliyemcheka. Binti yule yule wa kamba ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Akamwambia, "Chora ratiba, tuione Jumamosi."

Jumamosi akaja na karatasi ya mistari, majina manane, kazi zikizunguka, na jina lake la kwanza kwenye zamu ya choo. Hakuvuliwa uongozi. Ningemkemea mimi mbele ya watu siku ya kwanza, angetii mbele yangu na angemlipizia mdogo wake nyuma yangu. Ndivyo ninavyoamini, kaka, na nimeona mara nyingi tangu hapo.

---

#7 SkautiWaZamani

Marahaba. Hoja yako nimeielewa. Sijakubali asilimia mia, lakini hilo la baraza sisi hatukuwa nalo na ningependa tungekuwa nalo. Kulikuwa na wakubwa wetu waliotuonea na hatukuwa na pa kusemea.

---

#8 NjiaNyembamba

Nafuatilia. Mimi nina vijana 19 nimekusanya, wavulana kwa wasichana, kuanzia miaka 11 hadi 16. Sijui doria nizigawe vipi, viongozi niwateue au wachaguliwe, na mkutano wenyewe uweje. Ukinipa picha ya siku moja kamili nitashukuru mkuu.

---

#9 KambaNaDira

Kwa 19 weka doria tatu, mbili za sita na moja ya saba. Chini ya watano doria inakufa siku wawili wakiugua, na ikizidi wanane mmoja au wawili watakuwa watazamaji. Changanya umri: mkubwa ajifunze kulea, mdogo apate wa kumwiga. Usiweke wakali wote pamoja ili ushinde mashindano. Na marafiki wawili walioshibana usiwatenganishe kwa nguvu, maana wengine wanakuja kwa sababu ya rafiki, kuipenda skauti kunafuata baadaye.

Kiongozi achaguliwe na doria yenyewe. Sisi ni kwa miezi sita, na anaweza kurudia. Mara nyingi mara ya kwanza watamchagua anayechekesha au anayecheza mpira vizuri. Waache. Mara ya pili watachagua kwa akili, kwa sababu wameshalala kwenye hema lililovuja. Kiongozi anamchagua msaidizi wake mwenyewe.

Sasa mkutano. Mimi nafika nusu saa kabla na viongozi wa doria na wasaidizi wao peke yao. Hapo ndipo nafundisha. Kama leo ni kitanzi kisichokaza, ile kamba unayomrushia mtu majini au unayomfunga kiunoni bila kumbana, nawafundisha hao sita tu mpaka kila mmoja afunge akiwa amefumba macho. Wenzao wakifika mimi sifundishi tena. Tunafungua kwa bendera na ahadi, dakika tano. Mchezo wa kukimbia, dakika kumi, mwili uchangamke. Halafu kila doria inaenda kwenye kona yake na kiongozi anawafundisha wenzake alichojifunza nusu saa iliyopita. Mimi nazunguka mikono ikiwa nyuma. Hiyo ya mikono nyuma ina maana yake, ikiwa mbele itashika kamba ya mtu. Baadaye doria zinashindana: nani kamvuta mwenzake mita kumi bila kitanzi kufunguka. Tunafunga kwa matangazo yanayosomwa na vijana. Saa moja na nusu imekwisha, kila mtu nyumbani kabla ya giza.

Niongeze kitu kidogo nilichofundishwa na mwanafunzi wangu. Miaka yote nilikuwa nafundisha mafundo nikiwa nimemkabili mtoto, uso kwa uso, na wadogo walikuwa wanachanganya kushoto na kulia. Siku moja nikamwona binti yule amepiga magoti nyuma ya mtoto wa miaka 11, mikono yake imepita juu ya mabega ya mtoto, kamba ziko mbele yao wote wawili. "Kulia juu ya kushoto, pitisha chini. Sasa kushoto juu ya kulia, pitisha chini. Vuta." Fundo la kuunganisha kamba mbili likakaa bapa, safi, mara ya kwanza tu. Akiwa nyuma yake, mkono wa kulia wa mwalimu ni mkono wa kulia wa mtoto. Mimi mtu mzima sikuwahi kuliwaza hilo. Tangu siku hiyo kundi zima tunafundishana hivyo.

---

#10 NjiaNyembamba

Hii ya kupiga magoti nyuma naijaribu Jumamosi. Swali la mwisho nisikuchoshe: hatuna bajeti kabisa. Mahema hatuna, dira tunayo moja.

---

#11 KambaNaDira

Dira moja inatosha kuanzia. Mfundishe kila mtu kwanza kujua urefu wa hatua zake. Pima mita 100 kwa kamba, kila kijana atembee akihesabu kila mguu wa kulia unapokanyaga, aandike namba yake. Mwingine atapata 65, mwingine 75. Namba hiyo ni yake na inambadilikia akirefuka, kwa hiyo mnairudia kila miezi sita na wanafurahi kuona wamekua. Ukishajua hatua zako na kushika uelekeo kwa dira, unaweza kutembea kwenye ukungu na kufika. Angalizo: dira isishikwe karibu na simu, kisu au nguzo ya chuma, sindano inadanganya. Kijana wangu mmoja aliipeleka doria yake pembeni kabisa ya njia kwa sababu simu ilikuwa mfuko wa kifuani.

Alama za njia hazina gharama. Mshale wa vijiti, njia ndiyo hii. Msalaba, usipite huku. Mduara wenye nukta katikati, nimekwenda nyumbani. Doria moja inatangulia dakika 20 ikiweka alama, ya pili inafuata ikizisoma, na ya mwisho inazifuta ili tusiache uchafu. Vijana wakishaizoea ile alama ya mduara huwa nawaambia kwamba ndiyo iliyochongwa kwenye kaburi la Baden-Powell, Nyeri, Kenya, alikofariki tarehe 8 Januari 1941. Kila mara wananyamaza kidogo.

Kuna mchezo wa kumbukumbu pia: vitu 24 juu ya kitambaa, wavitazame dakika moja, ufunike, waandike walivyovikumbuka. Rudieni kila mwezi kwa vitu vipya. Doria zinaanza kugawana kazi zenyewe, "wewe kamata vya chuma, mimi vya kijani".

Huduma ya kwanza msiichezee. Kuungua: maji safi ya bomba yanayotiririka, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20, vua pete na saa kabla hapajavimba, wala hakupakwi mafuta wala dawa ya meno. Aliyezimia lakini anapumua: mlaze ubavu, kichwa kielekee nyuma kidogo ili njia ya hewa iwe wazi, mtu mmoja abaki naye na mwingine aite msaada. Mtafute muuguzi au mhudumu wa afya aje awafundishe kwa mikono yake, wengi hukubali wakiombwa na vijana kuliko wakiombwa na mimi.

Na huduma kwa jamii, hapa naomba mniruhusu niseme kwa uchungu kidogo. Tumezoea kuwapeleka vijana kufagia mahali dakika 30, picha kumi, tunarudi. Vijana wanajua kabisa ni maigizo. Sisi baraza liliulizwa swali moja tu: mtaani kwetu kuna nini kinachoweza kumuumiza mtu? Doria zikatoka na karatasi, zikachora ramani kwa hatua zao zile zile, zikaweka alama: mashimo yasiyofunikwa, nyaya zinazoning'inia, kivuko ambacho wazee wanateleza, mahali pasipo na taa. Ramani ikaenda kwa viongozi wa mtaa ikiwa imebebwa na viongozi wa doria, mimi nimesimama mlangoni. Mashimo mawili yalifunikwa mwezi ule. La tatu bado, na wanalifuatilia wenyewe, wana daftari la tarehe walizokwenda na walichoambiwa.

---

#12 HesabuZaWazi

Nichomekee la fedha maana hapa ndipo makundi mengi yanapofia. Nimewahi kuwa mzazi kwenye kundi moja, silitaji. Michango ya kambi ilikusanywa, kambi ikaahirishwa, tukaambiwa tusubiri, hadi leo. Watoto walilia. Sidhani hata kama kuna aliyekula, nadhani tu hakuna aliyeandika. Lakini imani ilikwisha na kundi likafa.

---

#13 KambaNaDira

Pole sana. Umegusa penyewe. Kwetu daftari la fedha linashikwa na kijana, mzazi mmoja anakagua, na linasomwa kwa sauti kila mwezi mbele ya wazazi wanaokuja kuchukua watoto: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mimi mwenyewe fedha siigusi. Risiti zinabandikwa humo humo. Nusu saa kwa mwezi, na sijawahi kuulizwa swali la shaka.

Na sare: usimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu hana sare. Skafu inatosha. Sisi tunamvalisha siku ya ahadi, mbele ya wote, baada ya kuhudhuria miezi mitatu, na inatoka kwenye mfuko wa kundi ili asiyekuwa nacho asijulikane. Shati na vingine vitakuja vyenyewe taratibu.

Usajili nilisahau. Kila nchi yenye skauti ina chama chake cha taifa, na Shirika la Skauti Duniani linatambua vyama zaidi ya 170. Kabla hamjafunga skafu shingoni, waandikieni. Wana taratibu za ulinzi wa watoto na wana mafunzo ya viongozi. Mafunzo ya juu yenye shanga mbili za mbao shingoni yalianza Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919, na hadi leo sehemu yake kubwa ni kuwaweka watu wazima kwenye doria, wapike, walale hemani, wagombane na kupatana kama watoto. Nendeni. Mimi nilikwenda nimechelewa, ningekwenda mapema usiku ule usingetokea.

---

#14 NjiaNyembamba

Mkuu nimeandika yote. Lakini niambie ukweli, unajuaje wakati wa kuingilia na wakati wa kunyamaza? Mimi nikiona mtoto anakosea mkono unakwenda wenyewe.

---

#15 KambaNaDira

Nakuelewa, hata wangu unakwenda. Huwa najiuliza moyoni: kosa hili likiachwa litamuumiza mtu, au litawagharimu muda na jasho tu? La kwanza naingilia hapo hapo, bila kuomba radhi. La pili nanyamaza, na nakuwa karibu.

Nikupe la leo leo. Jumamosi hii tuna matembezi ya kilomita 12. Mpango umechorwa na doria mbili pamoja, jana jioni wakaniletea nipitie. Maji yapo, vituo vya mapumziko vipo, namba za simu zipo, hesabu ya vichwa kila kituo. Ila kwenye karatasi yao wamesoma vibaya mistari ya mwinuko. Wanadhani njia ya mashariki ni tambarare. Si tambarare, ni kilima kirefu, na kwa vijana hawa kitawaongezea kama saa moja. Hakina hatari, ni njia pana na nimepita zaidi ya mara kumi. Nimeongeza chupa za maji kwenye mkoba wangu, nimewaambia wazazi tutarudi kwa kuchelewa, na karatasi nimewarudishia nimesaini.

Nitaleta mrejesho.

---

#16 MamaWawili

Nasubiri huo mrejesho kama ni wanangu.

---

#17 KambaNaDira

MREJESHO. Wote tumerudi salama, vichwa 21 kwa 21.

Kilima kiliwakuta kama saa nne asubuhi. Walipofika robo wakasimama. Kiongozi aliyechora njia akatoa ramani, akaitazama, akatazama juu, akatazama tena ramani. Akaweka kidole kwenye ile mistari ya mwinuko ilivyobanana. Hakuniangalia mimi kabisa. Akawaita wenzake wakainama juu ya ile karatasi, vichwa vimegusana, nikamsikia anasema, "Hapa nilikosea. Imebanana, maana yake ni mwinuko. Tupumzike dakika kumi, wadogo wabadilishane mizigo na wakubwa, tunakwenda polepole."

Wakabadilishana mizigo. Mdogo kuliko wote akapewa dira na kuwekwa mbele, kwa sababu anayetangulia ndiye anayepanga mwendo, na mwendo wake hakuna asiyeuweza. Sikuwa nimewafundisha hilo. Tulifika juu saa moja na dakika kumi baada ya muda waliouandika, na jambo la kwanza walilofanya wakikaa ni kutoa kalamu na kurekebisha ramani.

NjiaNyembamba, Jumamosi ijayo ukipiga magoti nyuma ya mtoto na kamba, njoo utueleze imekwendaje.